Crown, Benz au BMW Iliyotumika: Soma Namba ya Injini Kwanza

Ukiona BMW ya mwaka 2012 inatangazwa kwa bei ya Toyota Premio, ujue mwenye gari kuna kitu amekiona ambacho wewe hujakiona. Mara nyingi kitu hicho kimejificha chini ya boneti, nyuma ya kile kifuniko cheusi cha plastiki, na fundi wake ameshamtajia: cheni ya taiming, ringi za pistoni, sili za valvu. Sedani za kifahari za Ulaya huporomoka bei upesi. Mnunuzi wa tatu au wa nne anaona viti vya ngozi, skrini na nembo, kisha anaona bei, anadhani bahati imemwangukia. Lakini kilichoshuka ni bei ya gari peke yake. Cheni ya Mercedes iliyonunuliwa dukani leo haijali kama inafungwa kwenye gari la milioni mia au la milioni kumi na nane.

Nitalinganisha zile zinazoonekana sana Dar es Salaam na Nairobi kwa bei zinazokaribiana: Toyota Crown na Mark X, Mercedes C-Class ya umbo la W204 lililotengenezwa kati ya 2007 na 2014, na BMW 3 Series za E90 na F30. Audi A4 nitaigusa kidogo, nayo haitafurahi. Nitazungumzia injini tu. Kioo cha taa kikivunjika unaweza kuvumilia hadi mwisho wa mwezi, injini haikupi nafasi hiyo.

Kodi na petroli: injini ndogo inakuokolea nini?

Hoja ya kwanza ya anayeuza Benz ya C180 ni kwamba ina cc 1,796 tu, kwa hiyo kodi ni ndogo na inakunywa kidogo. Hoja hiyo ina ukweli, ila tuipime.

Chukua mfano wa Tanzania. Gari lina zaidi ya miaka kumi, na TRA imelithamini kwa shilingi milioni 10 likiwa bandarini. Ushuru wa forodha wa 25% unalifikisha milioni 12.5. Juu ya hapo unawekwa ushuru wa bidhaa, 5% kwa injini inayozidi cc 1,000 lakini haizidi 2,000, na 10% kwa inayozidi hapo. Kisha ule wa uchakavu, 30% (gari la miaka minane hadi kumi ni 15%), halafu VAT ya 18%. Kwa Mark X ya cc 2,499 jumla ni milioni 10.65, yaani kodi imeipita thamani ya gari lenyewe, na ada ndogo ndogo bado hujazihesabu. Kwa C180 yenye thamani ileile unapunguziwa shilingi 737,500. Hiyo ndiyo faida yote ya injini ndogo kwenye kodi, na unaipata mara moja tu.

Kwenye petroli faida inaonekana zaidi. Tuseme unatembea kilomita 12,000 kwa mwaka, na kwa foleni zetu Mark X inakupa kilomita 8 kwa lita, C180 ikakupa 10. Hapo ni lita 1,500 dhidi ya 1,200. Lita 300 kwa mwaka si mchezo. Kwa shilingi 3,000 kwa lita ni laki tisa, na kwa miaka mitatu ni milioni 2.7. Ukijumlisha na kodi, injini ndogo ya Kijerumani imekuwekea kama milioni tatu na nusu mfukoni kabla hujaenda gereji. Swali ni gereji itakunyang'anya ngapi kati ya hizo.

Kenya hesabu ina sura nyingine. Gari lenye zaidi ya miaka minane haliruhusiwi kuingia nchini, kwa hiyo W204 na E90 unazoziona Nairobi zimeshakuwa na mmiliki wa hapo hapo, pengine wawili au watatu. Kodi yake ililipwa zamani. Unachonunua ni historia ya Nairobi: foleni ya Thika Road, na fundi ambaye huenda aliweka oili sahihi, huenda aliweka iliyokuwepo dukani.

Toyota nazo zina dhambi zao

Watu husema Toyota haifi. Injini iliyomo ndani ya Mark X nyingi na Crown nyingi ni 4GR-FSE, V6 ya lita 2.5 isiyo na turbo. Chuma chake ni kizuri na cheni yake ya taiming hudumu miaka mingi ikipewa oili safi. Tatizo lake ni namna inavyopokea petroli. Nozeli zake zinapuliza moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa na haizioshi. Mvuke wa oili unaorudishwa kutoka kwenye injini hugusa valvu hizo zikiwa za moto, ukaganda, ukawa masizi magumu. Mwaka hadi mwaka njia ya hewa inasinyaa.

Dalili zake hazitishi mwanzoni. Gari linatetemeka ukisimama kwenye taa huku gia ikiwa kwenye D. Asubuhi injini inakohoa kabla ya kutulia. Nguvu inapungua taratibu hivi kwamba mwenye gari anazoea. Marekani, ambako injini hii iliuzwa ndani ya Lexus IS 250, malalamiko yalifika mahali kampuni ikaweka mpango maalumu wa kuwahudumia wenye magari. Huku kwetu hakuna mpango, kuna fundi tu: anafungua manifoldi ya hewa na kusafisha valvu kwa dawa na brashi, au kwa kupuliza maganda ya jozi yaliyosagwa pale penye mashine hiyo. Ni kazi ya kutwa, na injini haishushwi. Ukilinganisha na yanayofuata huko chini, hii ni dhambi ya kusameheka.

Hapa ndipo zile kilomita chache za Japani zinapowachanganya wengi. Crown ya miaka 12 yenye kilomita 60,000 imetembea wastani wa kilomita 5,000 kwa mwaka. Maana yake ilikuwa ya safari fupi, nyumbani hadi stesheni ya treni na kurudi, injini ikizimwa kabla haijapata moto vizuri. Kwa 4GR-FSE hayo ndiyo mazingira ya kujaza masizi. Mimi ningechukua yenye kilomita 110,000 za barabara kuu kabla ya hiyo ya 60,000, hata kama dalali ataniona sina akili.

Kaka yake mkubwa, 2GR-FSE ya lita 3.5, hana tatizo hilo kwa kiasi kile, kwa sababu ana nozeli za aina mbili, za ndani ya silinda na za kwenye njia ya hewa zinazoosha valvu. Ana jambo jingine. Mwaka 2010 Toyota ilirudisha karibu magari 270,000 duniani, Crown na Lexus kadhaa zikiwemo, kwa hitilafu ya springi za valvu iliyoweza kuzima injini barabarani. Ukipata Crown ya 3.5 ya miaka hiyo, uliza kama ilifanyiwa kazi hiyo Japani. Na uwe tayari na kiu yake: hii hainywi petroli kidogo, na Kenya injini ya petroli inayozidi cc 3,000 huingia kwenye ushuru wa bidhaa wa 35% badala ya 25%.

Jambo dogo ila lina hela: Mark X ya 2.5 ya umbo la pili, la kuanzia 2009, ilitengenezwa kutumia petroli ya kawaida ya Japani. Benz na BMW zilizouzwa huko zinataka ya oktani ya juu. Fungua kifuniko cha tangi usome kibandiko kabla ya kufanya hesabu ya mafuta niliyoifanya mimi hapo juu.

Wajerumani, mmoja mmoja

Injini ya C180 na C200 nyingi za W204 ni M271. Za mwanzo zimeandikwa Kompressor mgongoni. Baadaye ikaja ya turbo, CGI. Zote mbili zina ugonjwa mmoja mkuu. Cheni ya taiming inarefuka, na meno ya magurudumu yake kwenye kamshafti yanalika. Ukiwasha asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, unasikia mkwaruzo wa chuma kwa sekunde mbili tatu, kisha unanyamaza. Muuzaji atakwambia "ni kawaida ya Benz". Hapana, huo mkwaruzo ni cheni inayotafuta oili na haijakaza. Siku ikiruka meno, valvu zinagongana na pistoni, na hapo unazungumzia silinda hedi au injini nyingine.

Habari njema ni kwamba ukiwahi, tiba inajulikana. Fundi anayeijua M271 huunganisha cheni mpya na ya zamani na kuizungusha hadi mpya yote iingie, bila kushusha injini. Habari mbaya ni kwamba mafundi wengi huishia hapo. Cheni mpya juu ya magurudumu yaliyolika meno ni pesa iliyomwagwa. Kazi kamili ni cheni, magurudumu mawili ya kamshafti na tenshena. Kwa hiyo muuzaji akikwambia cheni imebadilishwa, usitosheke na neno lake. Taka risiti, na uisome. Ikiwa na cheni tu, gari hilo bado linadaiwa. Angalia pia plagi za umeme za sumaku za kamshafti mbele ya injini: zikivuja, oili hupenya ndani ya nyaya na kusafiri hadi kwenye vitambuzi vingine.

C230, C280, C300 na C350 zina V6 ya M272. Injini hii ni tamu, lakini za mwanzoni, za karibu 2004 hadi 2007, gia ya shafti inayosawazisha mtikisiko ilitengenezwa kwa chuma kisichostahimili. Inalika, na kuibadilisha lazima injini ishuke. Wanaozijua huangalia tarakimu sita za mwisho za namba ya injini. Zilizo chini ya 468993 ndizo za kutiliwa shaka. Kama kazi haijafanyika na huna risiti, mimi gari hilo silinunui hata kwa nusu bei, kwa sababu hiyo nusu nyingine ndiyo gharama ya kazi.

BMW ya E90 ni magari mawili yenye sura moja. 320i nyingi zina N46, silinda nne, ambayo sili zake za valvu hukauka na kupitisha oili. Iache iungurume dakika kumi ikiwa imesimama, kisha mwambie mtu akanyage mafuta: moshi wa bluu nyuma ndio jibu. Sili ni vitu vidogo vya bei ndogo, kazi ya kuzifikia ndiyo kubwa. 323i na 325i nyingi zina N52, silinda sita kwa mstari, bila turbo, na bloku ya magnesi na aluminiamu. Kwa maoni yangu hii ndiyo injini bora ya Kijerumani unayoweza kuipata kwa pesa hizi. Inavuja, ndiyo: gasketi ya tapeti kava, gasketi ya nyumba ya filta ya oili, na wota pampu yake ni ya umeme, ikifa inakufa bila kuaga na gari linachemsha. Lakini hayo yote ni mambo ya nje ya injini. Yanajulikana na yana mwisho.

Cha ajabu ni kwamba sokoni watu hukimbilia 320i kwa sababu ya cc ndogo na kuikwepa 325i.

F30, iliyoingia 2012, ilileta N20 ya turbo kwenye 320i na 328i. Cheni yake inaongozwa na reli za plastiki zinazokauka na kuvunjika, vipande vikaangukia kwenye sampu na kuziba njia ya oili. Marekani jambo hili lilifika mahakamani kwa magari ya 2012 hadi 2015. Kuanzia karibu 2016 BMW ikahamia B48, ambayo ni injini tofauti kabisa na imetulia zaidi. Gari la 2015 na la 2017 yanaweza kufanana nje hadi kwenye tairi, kwa hiyo usikubali kuambiwa "ni F30" tu. Piga chasisi namba kwenye kompyuta, upate jina la injini.

Audi A4 ya lita 2.0 TFSI ya 2009 hadi 2011 inakula oili kwa sababu ya pistoni na ringi zake. Huko Marekani wenye magari walishitaki na kampuni ikakubali kugharamia matengenezo. Kama hujaoneshwa risiti ya pistoni mpya, endelea na safari yako.

Kabla ya kutoa pesa

Sharti la kwanza, gari uwashe mwenyewe, na liwe baridi. Gusa boneti ukifika. Ikiwa ya moto, na muuzaji anakwambia "nimeliwasha kulisogeza tu", rudi kesho asubuhi bila kutoa taarifa. Cheni ya M271 na kikohozi cha 4GR husikika kwenye sekunde tano za kwanza, na injini iliyopashwa moto inavificha vyote viwili.

Kisha oili. BMW nyingi za kizazi hiki hazina stiki ya kupimia. Kiwango kinasomwa kwenye skrini, na kitambuzi kikifa mwenye gari anaendesha kwa imani. Fungua kifuniko cha kujazia, mulika kwa tochi. Chuma kiwe cha rangi ya asali au kahawia. Ukikuta tope jeusi linaloshika kidole, oili ilikuwa inacheleweshwa. Watengenezaji wa Ulaya waliruhusu kilomita 15,000 hadi 25,000 kabla ya kumwaga oili, kwa barabara za kwao na oili ya kwao. Kwa vumbi letu na foleni zetu, ningeimwaga kila 5,000 hadi 7,000, na ningetaka kuona aliyenitangulia alifanya hivyo. Kumbuka pia ujazo: N52 inachukua lita 6.5, 4GR-FSE kama 6.3, M271 kama 5.5. Aliyezoea Vitz hushtuka anapoletewa galoni ya pili.

Magari ya Japani huwa na kibandiko kidogo kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti, kimeandikwa tarehe na kilomita za kumwaga oili. Wengi hawakiangalii kwa sababu ya maandishi, lakini tarakimu zinasomeka. Kilomita za mara ya mwisho oili ilipomwagwa zikiizidi odomita, odomita imerudishwa nyuma na umemaliza kazi. Omba pia karatasi ya mnada. Gredi ya R au RA inamaanisha gari lilishagongwa na kutengenezwa. Na kama gari limetoka Uingereza, namba yake ya usajili wa kule inatosha kukuonesha bure mtandaoni matokeo ya ukaguzi wa kila mwaka pamoja na kilomita zake.

Kupima kwa kompyuta ni lazima, ila kompyuta zinatofautiana. Kile kifaa cha kuchomeka na kusoma kwa simu hakitakwambia kamshafti imeteleza digrii ngapi. Tafuta gereji yenye Xentry kwa Mercedes au ISTA kwa BMW. Mwambie fundi aangalie pia kama vipimo vya ndani vya gari vimekamilika. Vikiwa havijakamilika, kuna mtu amefuta hitilafu asubuhi hiyo ili taa ya injini isiwake mbele yako. Na fundi huyo asiwe wa muuzaji.

Sasa ile milioni tatu na nusu. Kwa M271 iliyokwisha kufungwa cheni na magurudumu, kwa risiti, nakubali: inabaki mfukoni mwako, na C180 ni chaguo zuri kuliko wengi wanavyodhani. Isiyo na risiti, pata bei ya kazi nzima kwa fundi wako kabla ya mazungumzo, kisha uitoe yote kwenye bei ya gari. Nusu haitoshi. Muuzaji akikataa, nenda kwenye Mark X au Crown ya 2.5, tenga pesa ya kusafisha valvu, na ukubali kununua lita 300 zaidi kila mwaka. Anayetaka raha ya kuendesha na ana fundi wa BMW anayemwamini, 325i ya N52. Mwenye fungu kubwa zaidi, F30 ya B48. Crown Hybrid ya kuanzia 2012 nayo ina injini nzuri, ila hapo suala linahamia kwenye betri, na hiyo ni hesabu nyingine. Kwa gari lolote kati ya haya ya umri huu, ningebakiza walau sehemu moja ya tano ya fungu langu benki. Mwenye milioni 30 anatafuta gari la 24.

Mwisho, linganisha namba iliyogongwa kwenye injini na ile ya kwenye kadi ya gari, au logbook kwa Kenya. Zikitofautiana, injini ilishabadilishwa na muuzaji huenda akakwambia kwa fahari kuwa ni "mpya kutoka Japani". Karibu kila mara ni mtumba uliotolewa kwenye gari lililogongwa. Kwa 4GR hilo si balaa: zipo nyingi Gerezani, Dar, na Kirinyaga Road, Nairobi, na ubadilisho ukisajiliwa unaendelea na maisha. Kwa N20 ni jambo jingine, kwa sababu hiyo injini "mpya" imekuja na reli zake za plastiki za mwaka uleule, nazo zimekauka kama zile zilizotolewa.